Siku Bugolele Ilipoitikia Mwano

Ukitaka kumuudhi Sajenti Limi Masele wa zimamoto, mwambie kwamba moto unazimwa na gari. Atakutazama kuanzia unyayo mpaka utosi, atavua kofia yake na kuiweka mezani, kisha atakuuliza taratibu, "Gari letu linabeba lita elfu tano. Ukifungua mpira sawasawa, hizo ni dakika kumi. Dakika ya kumi na moja utazima na nini, na mate?"

Hangoji jibu. Anavaa kofia yake na kurudi stoo.

Limi ana miaka arobaini na saba, na zaidi ya ishirini kati ya hiyo ameimaliza ndani ya sare. Kituo chao ni kidogo, kwa hiyo kila mtu hapo ana kazi mbili. Yeye ni mtunza stoo, na ni yeye huyo huyo anayezunguka kukagua kinga na tahadhari za moto. Asubuhi utamkuta akishika mipira mmoja mmoja kuona kama imekauka, kwa sababu mpira ukikunjwa na unyevu unaoza kwa ndani, na hutajua mpaka siku utakapopasuka mbele ya nyumba ya mtu. Anapima dizeli ya gari kwa kijiti hata kama geji inasema limejaa, maana geji ile anaijua tabia yake. Akimaliza anapanda pikipiki ya ofisi na kwenda kugombana na wenye gesti wanaotumia mtungi wa kuzimia moto kushikiza mlango usijifunge.

Lakini kinachomtambulisha zaidi ni daftari. Ni kaunta buku la kawaida lenye jalada jeusi, na humo ameandika kila penye maji katika wilaya nzima: malambo ya ng'ombe, visima vya misheni, matangi ya shule, mashimo wanayooshea mchanga wachimbaji. Kila sehemu ina maelezo yake. Lambo la jinari ya pamba, maji yapo mpaka Agosti, baada ya hapo ni tope. Tangi la sekondari, gari linaingia ila geti jembamba, kunja vioo. Kisima cha mzee Bartholomeo, maji mengi, mwenyewe mkali, anza na shikamoo. Boaz, dereva wa gari la zimamoto, hupenda kusema kwamba siku Limi akihamishwa, yeye hatamsindikiza hata stendi, ila lile daftari atalifungia kabatini na kulala na ufunguo.

Watu hudhani mambo hayo aliyapata chuoni. Chuo kilimpa cheti na buti. Mambo yenyewe aliyapata kwao Ushetu, jioni moja ya mwaka 1987, akiwa na miaka tisa.

Baba yake, mzee Masele, alikuwa mkulima wa tumbaku, na kama wakulima wote wa kule alikuwa na bani, kijumba kirefu cha udongo ambamo majani ya tumbaku yanatungikwa juu na kukaushwa kwa joto la magogo yanayowaka chini. Moto wa bani haukubali kuachwa peke yake. Lazima mtu aukalie usiku na mchana, siku nyingi mfululizo, na mzee Masele siku ile alikuwa ameukalia mpaka macho yakawa mekundu kama pilipili. Akasinzia kidogo tu. Jani moja kavu likadondoka, likaangukia penye joto, likawaka na kuupandisha moto kwa wenzake juu. Aliposhtuka, paa la bani lilikuwa limeshika, na nyumba yake ya nyasi, walimolala wanawe wadogo wawili, ilikuwa hatua ishirini tu kutoka pale.

Mama aliwatoa watoto. Baba hakukimbilia maji, kwa sababu nyumbani kulikuwa na mtungi mmoja, na huo ulikuwa nusu. Alikimbilia juu ya kichuguu, akaweka kiganja mdomoni, akapiga mwano.

Mwano ni yowe la Wasukuma la kuitana penye hatari. Ni sauti ya juu, kali, inayokatwakatwa na kiganja, na inarudiwa mara tatu. Jirani akiisikia anaipokea na kuipeleka kwa jirani yake, mpaka kilima kizima kinalia. Ukiusikia mwano huulizi kuna nini. Unatoka. Ukibaki ndani, kesho yake wanakijiji wanakuja kukudai mbuzi, mnamla pamoja, na kesi inaishia hapo, isipokuwa watoto wako watataniwa mpaka siku ya harusi zao.

Mwaka ule jua lilikuwa kali na visima vya karibu vilikuwa vimekauka. Wanawake walikuwa wakitembea saa mbili kwenda na saa mbili kurudi kutafuta maji, na jioni ile ndiyo kwanza walikuwa wameyatua. Walikuja nayo. Limi aliwaona wakitokea kila upande wa mashamba, wenye ndoo, wenye vibuyu, wenye mitungi kichwani, wanaume kwa wanawake, wakipita mbio huku maji yakiwamwagikia mabegani. Alimwona bibi mmoja jirani yao, mchoyo ambaye wajukuu zake mwenyewe aliwapimia maji ya kunywa kwa kata. Bibi yule alimwaga mtungi wake wote juu ya nyasi za paa la kina Limi, akaugeuza, akautikisa mpaka tone la mwisho, kisha akauweka chini na kuanza kupiga cheche kwa kanga yake.

Bani liliungua lote na tumbaku yote ya mwaka. Nyumba ilibaki. Na jioni ile, kilima kizima, hakuna aliyesonga ugali, kwa sababu hakuna aliyekuwa na maji ya kuchemsha. Walikaa pale pale kwenye majivu wakatafuna michembe mikavu, vile viazi vitamu vilivyokatwakatwa na kuanikwa, migumu ya kuvunja meno, wakicheka na kumtania mzee Masele kwamba ameamua kuivuta tumbaku yake yote kwa siku moja. Asubuhi baba alimshika Limi mkono wakapita nyumba kwa nyumba, na kila mlangoni alisema neno moja tu la kushukuru, "Wabeja."

Ni ajabu mtu kuikumbuka siku ya kuunguliwa kwa hamu, lakini Limi anaikumbuka hivyo. Anaikumbuka na inamuuma. Katika miaka yake yote ya kazi, kila alipofika penye moto, jicho lake la kwanza halikuangalia moto. Liliangalia kama watu wamekuja.

Na watu walikuwa wakija, hilo asiwasingizie. Ila mambo yalibadilika taratibu, mwaka hadi mwaka. Miaka minne iliyopita safu moja ya vibanda vya soko iliwaka mjini mchana kweupe. Gari lilimwaga maji yake, likaenda kujaza, na katika ule muda wa kusubiri lirudi, Limi aligeuka kuutazama umati uliojaa barabarani. Aliona simu juu. Mamia ya simu, kila mmoja anarekodi, wengine wakiomba wenzao wasogee wasiwazibe. Ndoo aliziona tatu. Vibanda kumi na vinne viliteketea, na mwenye kimojawapo, mama muuza dagaa, alikuwa amekaa chini amejishika kichwa huku naye akirekodiwa.

Siku ile Limi alirudi stoo, akajifungia, akakaa katikati ya mipira iliyolowa, akalia. Boaz alimgongea na chai. Alipofungua alisema ni moshi umemwingia machoni, na Boaz, aliyekuwa naye kwenye moshi ule ule na macho yake yako salama, akakubali kwamba ni moshi.

Basi tuje Bugolele.

Bugolele iko upande wa Geita, kilomita thelathini na nane kutoka kituoni, na miaka sita nyuma haikuwepo. Palikuwa na vichaka, nyani, na mzee mmoja mwenye mbuzi. Kisha dhahabu ikaonekana, na ndani ya mwezi mmoja watu walikuwa wamejaa kutoka Musoma, Kigoma, Singida, Tanga, na kila kona ya nchi yenye mtu mwenye sururu na matumaini. Vibanda vilipangwa safu kwa safu, nguzo za miti na maturubai ya plastiki, karibu karibu kiasi kwamba jirani akikoroma unamgeuza wewe. Katikati mashine za kusagia mawe, makarasha, zinaunguruma kutwa. Kuna kanisa la turubai na msikiti wa turubai, na mamalishe kila hatua kumi wakipika kwa kuni. Na upande wa mashariki, kule upepo unakotokea kiangazi chote, ni uwanda mpana wa nyasi zinazomfika mtu kiunoni, kavu, zinazokuja mpaka kwenye mlango wa kibanda cha mwisho.

Limi alipaona mara ya kwanza mwezi wa tano. Alimtafuta mwenyekiti wa kambi, Cornel, bwana mnene mpole aliyekuwa akiuza petroli ya madumu katika safu hiyo hiyo ya mwisho. Akamwambia wanahitaji barabara ya moto, ukanda mtupu usio na hata unyasi mmoja, upana wa hatua tano, kuanzia kwenye miamba mpaka kwenye korongo, ili moto ukija kutoka nyikani ukose cha kula ufe hapo hapo. Urefu wake ni mita mia tatu. Kwa mikono ya kambi nzima ni kazi ya asubuhi moja.

Cornel akaitisha mkutano. Wachimbaji wakaja, wakasikiliza kwa adabu, kisha akasimama Mwita, kijana wa Kikurya mwenye mabega kama mlango, kiongozi wa moja ya maduara makubwa, yale mashimo ya kuchimbia dhahabu.

"Sajenti, shikamoo," akasema Mwita. "Sisi kuchimba si tatizo. Tatizo ni moja. Sisi tunachimba penye mali. Pale hapana mali."

Mkutano ukaangua kicheko ukavunjika.

Alirudi mwezi wa saba. Akachora mchoro ubaoni, akaeleza kuhusu upepo. Wakampigia makofi. Alirudi mwezi wa nane na vigingi vya miti, akavikita mwenyewe kwa nyundo juani, kuanzia kwenye miamba mpaka korongoni, kuonyesha tu mahali pa kuchimba. Aliporudi wiki mbili baadaye, kimoja kilikuwa kimefungwa mbuzi na viwili vilikuwa vimevutwa kamba ya kuanikia nguo. Limi alimwambia Boaz kwamba Bugolele haiambiliki wala haisemezeki, na kwamba kitu kitakachoifundisha anakijua, na anamwomba Mungu asiwe na zamu siku hiyo.

Mungu alimpa zamu. Ilikuwa Alhamisi ya mwezi wa tisa, saa nane mchana. Limi alikuwa amefika na pikipiki, yuko kwa mamalishe mmoja aitwaye Loveness, anamwonyesha jinsi ya kufukia makaa kabla ya kuyatupa.

"Mama Valerian, wewe huchoki?" Loveness alimuuliza, akimwita kwa jina la mwanawe mkubwa.

"Nitachoka nikizikwa," alisema Limi, kisha akanyamaza, akainua pua.

Moshi Bugolele si habari. Kuna moshi wa kuni, wa mashine, wa mkaa, na kiangazi nyika inaungua kila siku mahali fulani. Lakini mtu aliyeishi na moto anajua harufu ya nyasi zinazoungua karibu. Limi alipanda mbio juu ya miamba. Moto ulikuwa ng'ambo ya uwanda, mstari mrefu mwekundu chini ya moshi mweupe, na upepo ulikuwa mgongoni mwake ukiusukuma moja kwa moja kambini. Alipima kwa jicho. Nusu saa. Pengine pungufu.

Akampigia Boaz.

"Natoka sasa hivi," Boaz alisema. "Lakini unajua barabara hiyo. Ni saa nzima."

"Njoo na tangi limejaa. Likiisha, lambo la wafugaji ng'ambo ya korongo bado lina maji, nimelipitia asubuhi. Upande wa kusini, kaskazini utazama."

Alishuka, akapita kwenye safu za vibanda akipiga kelele, "Moto! Tokeni! Moto unakuja!" Makarasha yalikuwa yakiunguruma. Watu walitoa vichwa, wakatazama angani. "Nyasi hizo, zinaungua kila mwaka," mmoja akamwambia bila kuinua macho kwenye bao la drafti. Cornel peke yake ndiye aliyeelewa, akaanza kuburura madumu yake ya petroli, moja moja, jasho likimtoka, na madumu yalikuwa arobaini. Kijana mmoja akatoa simu akaanza kumrekodi. Limi aliiona ile simu na moyo wake ukaanguka kabisa. Alimwona tena akilini yule mama muuza dagaa wa sokoni. Aliona safu zile zote za plastiki, petroli katikati, na watoto wadogo waliolala mchana ndani ya vibanda wakati mama zao wanaosha mchanga wa dhahabu, na akajua kwamba baada ya nusu saa kuna watoto watakaokufa mbele ya macho yake, naye yupo, na sare yake, na daftari lake.

Akarudi juu ya miamba. Hakuwa amepanga. Aliweka kiganja mdomoni akapiga mwano.

Hakuwahi kuupiga maishani mwake. Wa kwanza ulitoka umepasuka, kama jogoo anayejifunza. Wa pili ulikaa. Wa tatu ulitoka vile vile alivyousikia akiwa na miaka tisa, akashtuka mwenyewe, kwa sababu ilikuwa sauti ya baba yake.

Kisha huko chini, kwenye makarasha, mtu akaupokea.

Mpaka leo Limi hajui ni nani. Ni Msukuma mmoja tu, mwenye vumbi la mawe mwili mzima, aliyeachia mashine yake, akaweka mkono mdomoni na kuupeleka mbele. Mwingine akaupokea kwenye maduara. Mwingine kule korongoni. Wasukuma waliokuwa kambini walianza kukimbia kuelekea kwenye sauti, hawasemi kitu, hawaulizi, kwa sababu hivyo ndivyo walivyolelewa.

Na hapo Bugolele ikafanya kosa ambalo Bugolele peke yake ingeweza kulifanya. Watu wa Musoma na Kigoma na Singida hawajui mwano. Walichokiona wao ni wanaume arobaini wa Kisukuma wakiacha kazi ghafla na kukimbilia nyikani bila kumwambia mtu. Katika machimbo kuna jambo moja tu linalomkimbiza mtu namna hiyo huku amefunga mdomo. Dhahabu mpya, na mbio hizo wanaziita rashi.

"Rashi!" mtu akapiga kelele. "Imetema! Rashi! Wasukuma wanatuacha!"

Kambi ikamwagika yote. Wenye sururu, wenye chepeo, wenye majembe, wenye viroba vitupu vya kujazia mawe. Waliokuwa shimoni walipanda kamba kama nyani. Wacheza drafti walipindua bao. Mamalishe walibandua masufuria wakabeba mabeleshi ya kukorogea moto. Hata yule kijana wa simu aliitia simu mfukoni akanyakua koleo la mwenzake. Kufumba na kufumbua watu zaidi ya mia nne walikuwa mbele ya Limi, wanahema, macho yamewatoka, kila mmoja anatafuta mahali pa kujishikia eneo kabla ya mwenzake.

Mwita ndiye aliyefika wa kwanza. "Sajenti! Iko wapi?"

Limi alikuwa ameshuka miambani, amesimama penye kile kigingi cha mbuzi. Angeweza kunyamaza wakachimba kwa tamaa. Hakunyamaza. Aliwaonyesha moto kwa mkono mmoja, na ulikuwa umekaribia kiasi cha kuusikia ukitafuna, na kwa mkono mwingine akawaonyesha vibanda vyao.

"Dhahabu hapa hakuna," akasema kwa sauti yote aliyokuwa nayo. "Mali yenu yote iko nyuma yenu. Vigingi hivi hapa, kuanzia miambani mpaka korongoni. Chimbeni!"

Mwita aliangalia moto. Akageuka kuangalia kambi. Akasema neno moja la Kikurya ambalo sitaliandika, akainua sururu, na sururu ikaingia ardhini.

Nani amewahi kuona wachimbaji mia nne wakifyeka ukanda mmoja? Wale ni watu wanaokula mwamba. Udongo wa juu na nyasi kwao vilikuwa mchezo. Walijipanga wenyewe bila kuelekezwa, wa sururu mbele, wa chepeo nyuma, wakitupia udongo upande wa moto, na mtu akaanzisha wimbo wa shimoni ili mikono iende pamoja. Nyuma yao watu walipokezana madumu ya Cornel mkono kwa mkono mpaka ng'ambo ya kambi. Limi alikimbia juu na chini ya mstari, akifukuza waliosogea mbele mno, akisukuma nyasi kwa buti. Moto ulipofika, joto lilikuwa la kuunguza kope. Cheche ziliruka juu ya ukanda, zikashika nyasi za nyuma.

"Maji!" Limi akaita.

Maji ya Bugolele hununuliwa, yanaletwa na trekta Jumatano na Jumamosi. Alhamisi hiyo mapipa yalikuwa yamejaa. Loveness alikuwa wa kwanza kuburura pipa lake, akaliinamisha, watu wakachovya viroba vyao vya dhahabu na kuzipiga cheche. Mapipa mengine yakafuata, na madumu ya kunywa, na kindoo cha udhu cha msikitini. Vibanda viwili viliungua. Kisha moto ukafika kwenye udongo mtupu, ukatafuta pa kupita huku na huku, ukapungua, ukalala.

Boaz alipotokea na king'ora chake, aliwakuta watu wamekaa chini kwenye mstari mrefu, weusi kwa masizi. Alimwaga maji kwenye mabaki yaliyokuwa yakifuka, akaenda lambo la wafugaji upande wa kusini kujaza, akarudi kumalizia. Akamwangalia Limi.

"Moshi umekuingia machoni?" akamuuliza.

"Ndiyo," Limi akasema, akiyafuta wala hajifichi.

Mwita alikuwa bado amepiga magoti kwenye ukanda, akisugua udongo kwenye kiganja na kuutemea mate. "Sajenti, kweli kabisa hapa hapana kitu?" Na usimcheke peke yake. Jioni ile Limi aliona si chini ya watu kumi wakijaza viroba udongo wa barabara ya moto, wakaoshe, hata kama ni kwa bahati nasibu.

Jua lilipokuwa linashuka alijitenga miambani akampigia baba yake. Mzee Masele sasa ana miaka themanini na moja, bado yuko Ushetu, masikio yamepungua nguvu lakini simu anaishika mwenyewe.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mayu. Mhola?" alisema, akimwita mama na kumuuliza kama kuna amani, kama wanavyoamkuana kwao.

"Mhola, baba. Leo nimepiga mwano."

"Wewe?" mzee akauliza.

"Mimi." Akamsimulia yote, kuanzia vigingi mpaka rashi. Baba alicheka mpaka akakohoa. Limi naye alicheka, halafu kicheko kikamkauka. "Lakini hawakuja kwa mwano, baba. Walikuja kwa dhahabu. Watu wa siku zile wameisha. Siku zile wewe uliita tu, na watu wakaja."

"Hm," mzee akasema. Ni mtu asiyependa kubishana kwenye simu. Akauliza kile anachouliza kila jioni. "Umekula?"

"Bado. Leo hapa hakuna aliyepika." Limi aliangalia chini kambini. Majiko yote yalikuwa baridi. Watu walikuwa wamekaa vikundi vikundi penye mapipa yaliyopinduliwa, Mwita akimtania Cornel kwa jinsi alivyokuwa anakimbia na kitambi chake, na Loveness akipita katikati yao na beseni la karanga kavu, akimgawia kila mtu kiganja kimoja. "Maji yameisha kambi nzima. Yote yameishia kwenye moto. Wanatafuna karanga tu."



"Mayu," baba yake akasema. "Basi walikuja kwa mwano."

Limi alishuka kutoka miambani simu ikiwa bado sikioni, akapitia kikundi cha kwanza, akasimama mbele ya watu asiowajua majina wala makabila, na neno alilowaambia lilikuwa moja tu, lile la baba yake la asubuhi ya mwaka 1987. Hawakulielewa. Loveness akamsogezea beseni, naye Limi akachota kiganja chake cha karanga, akaketi nao.